Tanbihi ya Kumi na Nne

Profesa Tarbelet hakuwa profesa
aliposhuka stesheni ya Kigoma.
Alikuwa kijana wa mkataba, mwalimu wa Kifaransa,
viatu vyekundu kwa vumbi la Tabora,
daftari limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Jioni alikwenda Ujiji
kwa bibi yangu, Mwavita binti Lusewa, muuza mawese,
kwani aliambiwa: yule mama, vitendawili vyake havina mwisho.

Kitendawili!
Tega, akasema, na watoto wakacheka hiyo "tega" yake.
Namgusa huyu, anacheka yule.

Mwangwi.
Siyo.
Kioo.
Siyo.
Siku ya nne, akiwa na homa, akasema: Mungu.
Bibi akapangusa mafuta mkononi:
Siyo. Haya, nipe mji.

Hakutoa. Alitaka kufikiri kwanza.
Mkataba ukaisha, akapanda treni
na kitendawili kizima mfukoni.

Lyon ikampa shahada. Geneva ikampa kiti,
Dakar ikamwalika, Montreal ikamvika joho.
Aliandika kwamba maana haimo katika maandishi,
kwamba msomaji akishindwa hulipa,
hulipa mji mzima, na mwandishi huondoka nao.
Kumbi zilijaa. Vijana walikaa kwenye ngazi,
wakinukuu.

Nilikikuta kitabu Dar es Salaam, maktabani,
mgongo umeliwa na mende.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
tanbihi ya kumi na nne,
herufi ndogo kama dagaa wachanga:
"Mtoa habari, mwanamke, U., 1971."

U, na nukta.
Waume watatu, sufuria la shaba,
jino la dhahabu lililong'olewa kulipia ada yangu:
vyote vimeingia humo, na nukta ikafunga mlango.

Nikamfasiria.
"Huyo mwanamke U. ni nani?"
Ni wewe, Bibi.
"Aa." Akachambua mchele kidogo.
"Na mji?"
Nikamhesabia: Lyon, Geneva, Dakar, Montreal.
"Miji yote hiyo anayo,
na wangu hajatoa?"

Nikamwandikia. Sikuomba radhi wala fedha,
nilidai mji tu.
Mwaka ulipita. Kisha bahasha,
mwandiko unatetemeka kama wa mtu aliye garini:
"Nimeshindwa. Mpe Besançon, nilikozaliwa.
Ni mji mdogo. Mvua nyingi. Wanatengeneza saa."

Bibi wakati huo alikuwa hatoki kitandani.
Akasema, niinue.
Nikamwegemeza mito miwili, akakohoa, akaanza:
"Nikaenda, nikaenda, hata nikafika Bezansoni.
Nikakuta mvua. Wakasema karibu mama,
wakanipa kiti, wakanipa saa,
saa nikairudisha, nina adhana yangu.
Nikala, nikashiba, nikaaga.
Jibu ni swichi na taa."

Aliiona ofisini kwa stesheni masta, siku aliyopeleka mawese:
kidole kikagusa ukuta,
dari likacheka.

Bibi, nikasema, ameandika vitabu vitatu.
Amestaafu kwa heshima kwa sababu ya hicho kitendawili.
"Swichi," akasema, taratibu,
kama anayemfundisha mtoto mzito.
"Mwambie. Ameshalipa."

Tumemzika mwezi wa Rajabu.

Nakaa Mwanga, na usiku huu Mwanga umeme umekatika.
Karatasi iko mezani tangu Jumanne:
"Mpendwa Profesa," kisha mkato, kisha weupe.
Mtu wa miaka themanini na tatu,
unamwambiaje?

Nanyoosha mkono gizani, nabonyeza ukuta.
Hakuna anayecheka huku.
Labda kule.